Kwa Nini Achari Hudumu Mwaka Mzima na Mbaazi za Nazi Hazifungwi Chupani: Kuweka Akiba ya Chakula Mombasa

Watu wa nchi za baridi huweka akiba ya chakula kwa sababu ardhi yao huganda miezi kadhaa kila mwaka, na mkulima asiyejaza stoo yake kabla ya theluji hana shamba la kukimbilia mpaka majira yabadilike. Mombasa haina theluji, lakini ina majira yake ya neema na majira yake ya uhaba, na wazee wa pwani walipanga mapishi yao kwa kuyafuata. Upepo wa kaskazi unapovuma, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, bahari hutulia, vyombo vidogo hufika mbali, na samaki hushuka bei. Ni katika miezi hiyo hiyo ambapo maembe hujaa masoko ya Kongowea na Marikiti, mpaka mengine huozea chini kabla hayajapata mnunuzi. Kisha huingia upepo wa kusi pamoja na mvua za masika. Bahari huchafuka, wavuvi wa mitumbwi hukaa ufukweni siku nyingi, na samaki mbichi huwa wa kutafutwa. Nyumba iliyokaa chonjo wakati wa kaskazi hula vizuri wakati wa kusi.

Siku hizi haja hiyo inatimizwa kwa njia mbili ambazo zimeanza kuchanganywa. Ipo njia ya mabibi zetu, ya achari, ukwaju, ng'onda (samaki aliyetiwa chumvi na kukaushwa) na nafaka zilizokaushwa. Ipo pia njia iliyoingia kupitia video za mitandaoni, ambamo mama wa shamba la Marekani hujaza chupa za kioo nyama, maharage, supu na matunda, akazichemsha, akazifunga na kuzipanga kwenye rafu kwa ajili ya majira ya baridi. Njia zote mbili ni nzuri zikifuatwa kikamilifu. Hatari huzuka pale mtu anapochukua nusu ya njia hii na nusu ya ile: anatia mchuzi wake wa nazi katika chupa iliyokuwa ya mayonezi, anachemsha sufuria kwa nusu saa, kifuniko kinashika, naye anaamini kwamba chakula hicho sasa ni salama kama achari iliyo kando yake. Kila njia ya kuhifadhi chakula ina kitu mahususi kinachowazuia vijidudu, na asiyekijua kitu hicho hawezi kutambua kikikosekana.

Hewa si adui peke yake

Kosa hili lina historia ndefu. Mfaransa Nicolas Appert, aliyekuwa mpishi na mtengenezaji wa vitu vitamu, alitumia miaka mingi kufunga vyakula ndani ya chupa za kioo na kuzichemsha katika maji, na mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimpa zawadi ya faranga 12,000 kwa sharti kwamba aichapishe mbinu yake. Mbinu ilifaulu, lakini hakuna aliyejua kwa nini. Mwanakemia mashuhuri wa zama hizo, Joseph Louis Gay-Lussac, alieleza kwamba siri ilikuwa kuondolewa kwa oksijeni, na maelezo hayo yakakubalika mpaka Louis Pasteur alipoonyesha, katika miaka ya 1860, kwamba vinavyoharibu chakula ni viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho, na kwamba joto ndilo linaloviua.

Maelezo ya Gay-Lussac yalikwisha vitabuni, lakini jikoni bado yangali hai. Watu wengi husikia mlio wa kifuniko kikibonyea na kushika, wakahitimisha kwamba kwa kuwa hewa haiingii, chakula hakiwezi kuharibika. Kwa ukungu hilo lina ukweli, maana ukungu huhitaji hewa. Kwa bakteria mmoja hatari kuliko wote waliomo jikoni, mambo ni kinyume kabisa: kukosekana kwa hewa ndiko anakokutaka.

Bakteria huyo ni *Clostridium botulinum*. Huishi katika udongo na katika tope la bahari na mito kote duniani, kwa hiyo hufika jikoni pamoja na maharage, vitunguu, mboga na samaki. Mazingira yasipomfaa hujifungia ndani ya ganda gumu, na katika hali hiyo huitwa spora. Mtu mzima mwenye afya humeza spora hizo mara kwa mara bila kudhurika, ingawa mtoto mchanga anaweza kudhurika, na ndiyo sababu mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali. Madhara makubwa huanza pale spora zinapochipua ndani ya chakula na kutoa sumu. Ili zichipue huhitaji mambo manne kwa pamoja: pasiwe na hewa, pawe na unyevu, pawe na asidi kidogo tu, na pawe na joto la wastani. Jiko la Mombasa, ambalo mchana wa Februari huwa na nyuzi joto 30 na zaidi, hutoa hilo la nne bila kuombwa.

Hapa pana jambo ambalo huwachanganya hata wapishi makini, nalo ni tofauti kati ya sumu na spora. Sumu yenyewe huharibiwa na moto wa kawaida. Chakula kikichemka kwa dakika 10 sumu hupoteza nguvu. Spora haziuawi hivyo. Maji ya kuchemka yana nyuzi 100, na spora huweza kustahimili joto hilo kwa saa kadhaa. Ili zife kwa uhakika chakula chenyewe lazima kifike nyuzi 121 hadi katikati na kikae hapo kwa dakika 3 hivi, au kikae muda mrefu zaidi katika nyuzi 116. Maji hayawezi kufika joto hilo katika sufuria ya kawaida hata yakichemshwa kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Huhitaji mvuke uliobanwa.

Kwa hiyo kuchemsha chupa iliyojaa mbaazi za nazi kunafanya kazi mbaya sana. Kunaua vijidudu dhaifu ambavyo vingeshindana na spora, au ambavyo vingeichachusha mbaazi ikanuka na kumwonya mlaji. Kunafukuza hewa. Kunaacha spora zikiwa hai ndani ya chakula chenye unyevu, mafuta na asidi kidogo, kisha chupa inawekwa kwenye kabati lenye joto. Sumu ikishatolewa huenda isiwe na harufu wala ladha. Chupa hiyo inaweza kuonekana safi kuliko kila kitu kilichomo stoo.

Mstari wa 4.6

Asidi hupimwa kwa kipimo cha pH, na kadiri namba inavyopungua ndivyo asidi inavyozidi. Utafiti wa miaka mingi umeweka mstari kwenye 4.6. Chakula kilicho chini ya hapo kina asidi ya kutosha kuzizuia spora zisichipue, na kwa hiyo kuchemsha chupa katika maji ya kawaida kunatosha. Chakula kilicho juu ya hapo hakifai kufungwa chupani kwa kuchemshwa tu, hata kama sukari, chumvi kidogo na viungo vimetiwa, na hata kama jirani amefanya hivyo miaka yote bila kupatwa na neno.

Vyakula vya pwani vimegawanyika vizuri kwa mstari huu. Ukwaju na ndimu ziko chini kabisa, kati ya 2 na 3. Embe bichi, lile la kutia meno ganzi, nalo liko chini sana ya mstari. Embe lililoiva kwa kawaida bado liko chini, lakini lililoiva kupita kiasi linaweza kuvuka, ndiyo maana vipande vya embe tamu vinavyofungwa katika maji ya sukari hutiwa maji ya limau. Papai limevuka mstari na halina budi kuongezewa asidi. Samaki, nyama, kuku, kunde, mbaazi, maharage, mahindi mabichi, mchicha, mihogo na tui la nazi vyote viko juu, vingi vikiwa karibu na 6.

Nyanya ndiyo inayostahili uangalifu zaidi, kwa sababu imekaa juu ya mstari wenyewe. Nyanya moja inaweza kuwa 4.3 na nyingine 4.9, kutegemea aina, kuiva na hali ya shamba, na ulimi hauwezi kuzitofautisha kwa uhakika kwa sababu utamu huficha ukali. Bei inapoporomoka Kongowea na mtu akanunua kreti nzima, kanuni ni kutia katika kila chupa ya lita moja vijiko vikubwa 2 vya maji ya limau, au nusu kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, kabla ya kumimina nyanya zilizopondwa na kuchemshwa. Maji ya limau ya chupa ya dukani ni bora hapa kuliko ndimu ya kukamua, si kwa ladha bali kwa sababu ukali wake umepimwa na haubadiliki. Chupa ya nusu lita huchemshwa dakika 35 na ya lita dakika 45, maji yakiwa yamepita juu ya kifuniko. Hiyo ni nyanya peke yake. Mtu akikaanga humo vitunguu, kitunguu thomu, karoti na pilipili hoho akapata rojo la kupikia, amekwisha kuipandisha namba, na rojo hilo mahali pake ni friza.

Kitunguu thomu katika mafuta ni mtego mwingine, na huwanasa hasa wanaopenda kutengeneza pilipili ya kusaga ya nyumbani. Kitunguu thomu hutoka udongoni, kina asidi kidogo, na mafuta huikinga hewa isikifikie. Yale masharti manne yote yanatimia hata bila kifuniko. Pilipili iliyosagwa na kitunguu thomu na kufunikwa kwa mafuta ikae friji na iliwe ndani ya siku chache. Anayetaka ikae zaidi aisage kwa siki ya kutosha tangu mwanzo.

Achari: vizuizi vinne katika chupa moja

Ukiitazama achari ya embe ya Mombasa kwa jicho hili, utaona jinsi ilivyotengenezwa kwa hekima. Embe bichi hukatwa vipande pamoja na ganda lake, vikapakwa chumvi na kuachwa usiku kucha. Asubuhi vipande hukutwa vikielea katika maji vilivyoyatoa. Maji hayo hukamuliwa, na vipande vikatandazwa juu ya sinia au ungo na kuanikwa darini chini ya kitambaa chepesi, siku mbili au tatu za jua kali, mpaka kingo zijikunje na kipande kikibanwa kwa vidole kiweze kupindwa bila kukatika wala kutoa maji. Kisha siki huchemshwa pamoja na pilipili, uzile, uwatu, haradali, tangawizi na kitunguu thomu, sukari ikatiwa kwa mwenye kuipenda, na vipande vikazamishwa humo.

Katika chupa hiyo mna asidi ya embe lenyewe, asidi ya siki, chumvi, na ukavu uliopatikana juani. Hata kimoja kikipungua kidogo vingine hushikilia. Tena moto si mlinzi mkuu hapa, na ndiyo maana achari ilidumu karne nyingi katika mitungi isiyokuwa na vifuniko vya kubana. Mitungi yenyewe ilitakiwa tu iwe mikavu na safi, na kijiko cha kuchotea kisiwe na maji.

Achari huharibika pale mtu anapoondoa vizuizi bila kujua. Anapunguza chumvi kwa ajili ya shinikizo la damu, haaniki kwa sababu mvua imeshika, kisha siki anaiongezea maji kwa kuwa ni kali mno. Kila hatua ina sababu yake njema, lakini kilichobaki si achari ya kuwekwa kabatini. Kiwekwe friji. Anayetia karoti, pilipili mbichi au cauliflower katika achari ya mboga akumbuke kwamba vitu hivyo havina asidi yao wenyewe: siki ndiyo inayobeba kazi yote, na maji yasizidi siki. Siki yenyewe iwe na asidi ya asilimia 5 kama inavyoandikwa kwenye chupa; siki iliyochachushwa nyumbani kutokana na tembo la mnazi ni tamu kwa kachumbari, lakini nguvu yake haijulikani, kwa hiyo haifai kutegemewa katika akiba.

Mambo mawili ya vyombo yanafaa kutajwa. Sufuria nyingi za sokoni ni za alumini, na siki au ukwaju ukichemshwa humo hula chuma hicho na kuacha ladha mbaya. Tumia chuma kisichoshika kutu, au chombo kilichopakwa enameli. Pia chumvi laini ya paketi huyafanya maji ya achari yawe na ukungu kwa sababu ya dawa ya kuizuia isigande, ilhali chumvi ya mawe, kama ile inayovunwa katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni kaskazini ya Malindi, huyaacha safi. Tofauti hiyo ni ya sura tu, si ya usalama.

Kuhusu jamu hakuna haja ya maneno mengi. Ulinzi wake ni sukari, ambayo ikifika asilimia 65 hivi huyashika maji yote, vijidudu vikakosa ya kunywa. Jamu huwa tayari inapofika nyuzi 104 au 105, lakini namba hiyo ni ya usawa wa bahari. Ndugu zetu wa Nairobi, walio juu ya mita 1,600, maji yao huchemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo jamu yao huwa tayari karibu na 99, na nyakati zao za kuchemsha chupa lazima ziongezwe. Mombasa tuna bahati: nyakati zilizoandikwa vitabuni kwa usawa wa bahari ni zetu kama zilivyo. Jamu ya sukari kidogo, ambayo siku hizi inapendwa, haijalindwa na sukari na haina budi kukaa friji baada ya kufunguliwa. Kuigeuza chupa kichwa chini ili kifuniko kishike si badala ya kuichemsha dakika 10.

Samaki

Samaki ndiye chakula ambacho pwani ilimjua vizuri kuliko mtu yeyote, na ndiye asiyesamehe makosa. Ng'onda hutengenezwa kwa kumpasua samaki kutoka mgongoni na kumfungua mpaka alale bapa, kumtoa matumbo na damu yote iliyoshika uti, kumwosha, kumpaka chumvi kila mahali pamoja na kwenye mikato ya nyama nene, na kumwanika. Tafi, changu, papa na nguru wote hufanywa hivi. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya nyama na yenyewe huingia humo. Jua na upepo humaliza. Ulinzi ni ukavu na chumvi kwa pamoja, na samaki aliyekauka nje huku ndani ya shingo bado ni laini hajalindwa bado. Aanikwe juu ya uchaga ili upepo umpite chini na juu, si juu ya mchanga, ambako nusu yake ya chini hubaki na unyevu na mchanga haumtoki tena.

Jodari, vibua na nguru wana jambo lao zaidi. Nyama ya samaki wa jamaa hii, ikikaa saa chache juani kabla ya kupata barafu au chumvi, hutengeneza histamini, ambayo humfanya mlaji awe mwekundu usoni, aumwe kichwa na kuwashwa mwili ndani ya saa moja au mbili. Histamini haitoki kwa kupikwa, kukaangwa wala kukaushwa. Kwa hiyo samaki aliyelala mchana kutwa kwenye ndoo bila barafu hafanywi ng'onda kwa hoja kwamba chumvi itamwokoa. Chumvi huhifadhi hali iliyomkuta.

Baada ya kukauka huja tatizo ambalo mapishi ya nchi kavu hayalitaji. Chumvi huanza kunywa maji kutoka hewani unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75 hivi, na asubuhi za Mombasa mara nyingi hupita 80. Ndiyo sababu kidau cha chumvi mezani hulowa wakati wa mvua, na ndiyo sababu ng'onda aliyeachwa wazi mwezi wa Mei hurudi kuwa laini na kuota madoa ya waridi au ya kijivu. Akikauka afungwe mara moja katika chombo kisichopitisha hewa, na siku ya jua zuri atolewe aanikwe tena.

Je, samaki anaweza kufungwa chupani? Anaweza, kwa mtungi maalumu wa mvuke uliobanwa, wenye kipimo cha shinikizo. Samaki katika chupa ya nusu lita huhitaji dakika 100 kwa shinikizo la paundi 11 kwa usawa wa bahari, na muda huo haupunguzwi. Presha kuka ya kawaida ya kupikia maharage si mbadala wake: huwa ndogo, hupata moto upesi na kupoa upesi, na nyakati zilizopimwa zilihesabu pia joto la wakati wa kupanda na kushuka. Kwa kuwa mitungi hiyo na vifuniko vyake halisi ni adimu na ghali kwetu, msimamo wangu ni kwamba nyumba nyingi za Mombasa hazina sababu ya kufunga samaki, nyama, mbaazi au mchuzi wa nazi chupani. Mbaazi kavu hudumu zenyewe, samaki hukaushwa, na kilichobaki huenda friza, penye nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa hukaa salama saa 48 hivi, na iliyojaa nusu saa 24. Kwa hiyo ni afadhali kujaza nafasi tupu kwa chupa za maji.

Stoo yenyewe

Vitabu vya nchi za baridi hupendekeza chupa ziwekwe mahali penye nyuzi 10 hadi 21, na huahidi ubora wa mwaka mzima. Hatuna mahali hapo. Hata Julai, mwezi wetu wa baridi, mchana wa Mombasa hufika nyuzi 27 au 28, na chini ya paa la mabati joto ni kubwa zaidi. Chakula kilichofungwa sawasawa hakiwi sumu kwa joto hilo, lakini rangi, ladha na vitamini C huondoka mapema, kwa hiyo nashauri kilichofungwa wakati wa kaskazi kiwe kimeliwa kabla ya kaskazi inayofuata. Weka chupa rafu za chini, mbali na jiko na dirisha, na uandike tarehe. Pete ya kifuniko, ile inayozungushwa ili kukibana, iondolewe chupa ikishapoa na kifuniko kushika, kwa sababu hewa ya chumvi huitia kutu chini kwa chini, na kutu ikitoboa kifuniko hutaiona mpaka pete itoke.

Nafaka nazo zina hatari yao isiyoonekana. Mahindi yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5 yanapoingia stoo. Yakizidi, ukungu wa *Aspergillus* huweza kutoa aflatoksini, sumu ya ini ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliwaua watu 125 Ukambani, wengi wao wa Makueni na Kitui, kati ya wagonjwa 317 waliotambuliwa. Kupima nyumbani si kazi ngumu: tia kiganja cha mahindi katika chupa kavu ya kioo pamoja na kijiko cha chumvi iliyokaushwa kwanza kwenye kikaango, tikisa kwa dakika chache, uache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Yakishapita kipimo yatiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, maana gunia la katani Mombasa huyarudishia unyevu wote uliotolewa, na fukusi hupata mlango wazi.

Chupa yoyote yenye kifuniko kilichovimba, inayotoa povu au kuruka maji inapofunguliwa, au isiyotoa sauti ya kushikuka, haionjwi, hata kwa ncha ya ulimi. Ifungwe ndani ya mifuko miwili na kutupwa mahali ambapo paka na kuku hawafiki, kwa sababu kuku pia hupooza shingo kwa sumu hiyo hiyo, kisha meza na mikono vioshwe kwa sabuni na maji yenye klorini. Na mtu aliyekula chakula cha chupani, siku hiyo, kesho yake au hata siku kadhaa baadaye, akaanza kuona vitu viwili viwili, kope zikalegea, mdomo ukakauka, na mate yakawa magumu kumeza, apelekwe hospitali bila kungojea homa, kwa sababu ugonjwa huu kwa kawaida hauna homa. Mwambieni daktari kilicholiwa na kilifungwa lini, na chupa ipelekwe pamoja naye kama bado ipo. Dawa ya kuizuia sumu ipo, lakini haiondoi kupooza kulikokwisha tokea. Huzuia tu kusiendelee kufika kwenye misuli ya kupumua, na kila saa ina thamani.